Pasipoti ya Kitinda

Asubuhi ya safari, mizigo ikiwa tayari mlangoni, Mama alivuta droo ya chini ya kabati akakuta pasipoti yake tu. Ile yenye jalada la njano, ya Kitinda, haikuwepo. Alipiga yowe, na jikoni maziwa yakachemka yakamwagika bila mtu kuyajali.

Kitinda ni bintiye wa mwisho, msichana wa miaka kumi na saba aliyezaliwa na mtindio wa ubongo. Akili yake wembe. Mikono na miguu ndiyo migumu, na maneno humtoka moja moja, kama ndoo kisimani. Siku hiyo ilikuwa apelekwe ng'ambo, akachomwe mgongoni chembe changa ziitwazo seli shina, eti apate kutembea. Ndege ikimwacha, nafasi anapewa mwingine.

Wakamwita Shangazi, dada yake Baba, mpelelezi mstaafu wa mtaa wa pili. Alikuja na ndara, akaiinamia droo kabla ya kusalimia. Droo haikuwa na kishikio. Ilifungwa utepe mwekundu wa kuivutia. Utepe ulikuwa umelowa.

"Nani kashika hapa na maji?"

"Hakuna, wifi," Mama akajibu. "Muulize kaka yako. Jana kutwa kanuna."

"Sikununa bure, Dada," Baba akasema. "Niliwaomba watu wa hospitali wanionyeshe mtoto mmoja tu aliyepona. Wakanionyesha picha za jengo."

"Ndiyo ukaificha?"

"Ningetaka kuzuia safari ningeficha ya huyu." Akaelekeza kidevu kwa mkewe. "Bila yeye nani angetoka hapa?"

Jibu lilikuwa na mashiko. Shangazi akamgeukia mama wa mazoezi, anayekuja kumnyoosha Kitinda viungo.

"Na wewe? Akipona si unakosa kazi?"

"Aa, Shangazi! Nimeingia sasa hivi, viatu bado vina umande. Tena leo kanishinda. Kakaa upande kama kuku anayeatamia. Nikigusa mto wa kiti, anapiga kelele."

"Hofu ya ndege hiyo," Mama akasema.

Shangazi akachutama mbele ya kiti cha magurudumu. Kola ya msichana ilikuwa mbichi kwa mate, na kidevuni paliganda uzi mwekundu.

"Soksi anavua mwenyewe siku hizi?"

"Kwa meno! Hata vifungo," mama wa mazoezi akajisifu. "Mimi nimemfundisha."

"Kitinda, unasemaje?"

"Si... si..."

"Anasema hajui," Mama akadakia.

"Wifi, sijakuuliza wewe." Kisha akatabasamu. "Kitendawili!"

Kitinda akacheka. Tangu mdogo wanategana. "Te... ga."

"Nyumba nzima imepekuliwa, hata pipa la taka. Pahali pamoja hapajaguswa, maana pamekaliwa."

Kicheko kikakatika. "Mi... mi."

Wakamwinua. Pasipoti ilikuwa ndani ya foronya ya mto, kona ya jalada ina alama za meno. Kitinda hulala kwenye godoro sakafuni. Alfajiri alijikokota kwa viwiko, akavuta utepe kwa meno, akaisukumiza kwenye mto wa kiti uliokuwa kando yake. Baba mwenyewe ndiye aliyeurudisha mto kitini, akambeba na kumkalisha juu yake.

"Mwanangu!" Mama akasema. "Hutaki kutembea?"

"Ni..."

"Unaogopa sindano?"

"Ni..."

"Baba yako kakutia maneno?"

Shangazi akambana wifi yake bega.

"Kutembea... ni hamu... yako, Mama. Mimi... nataka... mningoje... nimalize... kusema. Hamku... niuliza."

"Si nilisema!" Baba akashangilia.

"Na wewe... hukuniuliza."

Baba akaangalia ndara za dada yake.

Nje honi ya teksi ikalia. Mama akakaa sakafuni, uso kwa uso na bintiye. "Haya, nakuuliza. Unataka kwenda?"

"Nina..." Honi tena. Mama alishaufungua mdomo ammalizie, akaufumba, akangoja.

"...maswali... kwa daktari... Niyaulize... mimi."

Mama akainuka, akaenda mlangoni kumwambia dereva azime gari.