Tupokigwe na Jiwe Lililokula Viazi

Asubuhi za mwezi wa Juni mjini Iringa, wanafunzi walifagia uwanja wa shule kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa kwapani, ukitafuta joto. Ndivyo alivyokuwa akifagia Tupokigwe wa darasa la sita, mwaka ule wa 1975, huku mdomo wake ukifanya kazi zaidi kuliko ufagio. Baba yake alikuwa fundi wa magari aliyehamia Iringa kutoka Rungwe. Sauti ya binti huyo ilikuwa kubwa mno. Akimwita mwenzake kisimani, mbuzi wa majirani walikuwa wakiinua vichwa.

Kwa sababu ya sauti hiyo, Mwalimu Bartholomeo alimteua kwa kazi maalumu.

"Jumamosi tutapokea wanafunzi wenzetu kutoka Mbeya," alisema mwalimu. "Tutawapandisha Gangilonga, na wewe Tupokigwe utawaeleza historia ya mji wetu. Leo jioni nenda kwa Bibi Esta ukamsikilize vizuri. Yeye amezaliwa hapa, ameyaona mengi."

Jioni Tupokigwe alimkuta Bibi Esta mlangoni kwake, akichambua maharage.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu! Mama hajambo? Baba hajambo? Na yule mdogo wako aliyeugua surua? Na yule kuku wenu mwenye mguu mbovu, anaendeleaje?"

"Tulishamla, Bibi."

"Maskini! Alikuwa kuku mstaarabu sana. Basi kaa, nikueleze. Lakini kwanza nikuulize habari za shangazi yako..."

Wakati huo huo, kelele za wasichana waliokuwa wakirushiana mpira wa rede zilisikika kutoka uwanjani. Tupokigwe alitazama ule ungo wa maharage, akaona hautakwisha leo wala kesho. Akaaga kwamba anakuja sasa hivi, akakimbilia kwenye rede, na hakurudi.

Kesho yake mwalimu alimwuliza, "Bibi amekueleza?"

"Amenieleza yote, mwalimu. Hata yaliyozidi."

Jumamosi wageni waliwasili kwa lori, nywele zao zikiwa nyekundu kwa vumbi la safari. Wenyeji waliwapokea kwa nyimbo, kisha wote wakashika njia ya kwenda Gangilonga, ule mwamba mkubwa unaoutazama mji. Wavulana wawili walibeba kikapu kilichojaa viazi vitamu vya kuchemsha, vilivyochimbwa katika shamba la shule. Hicho ndicho kilichokuwa chakula cha mchana cha watu wote. Mwalimu Bartholomeo alibaki nyuma akimsubiri mwalimu wa wageni, mtu mnene aliyesimama kila baada ya hatua chache kusifia mandhari, ingawa kila mtu alijua kwamba anatafuta pumzi.

Juu ya mwamba upepo ulipeperusha sketi na kola. Chini yao yalionekana mapaa ya mji, na mbali zaidi miti iliyosindikiza Mto Ruaha Mdogo bondeni. Tupokigwe akajikohoza.

"Ndugu wageni! Mwamba huu unaitwa Gangilonga. Kwa Kihehe maana yake ni jiwe linaloongea!"

Hilo alilijua, kwa kuwa kila mtoto wa Iringa alilijua. Alipotaka kuendelea, kichwani hamkuwa na kitu kingine. Ndipo mvulana mmoja wa Mbeya aitwaye Saulo akanyoosha mkono.

"Linaongea saa ngapi?"

Watoto wakacheka. Tupokigwe akahisi masikio yanawaka moto. Angeweza kusema hajui, lakini ulimi wake ulikuwa umeshatangulia.

"Linaongea likishiba."

"Linakula nini?"

"Viazi," alijibu, maana macho yake yaliangukia kikapu. "Bibi Esta mwenyewe ameniambia. Zamani watu waliweka chakula kwenye ufa ule pale, wakageuka, wakafumba macho na kunyamaza. Ndipo likaongea."

Alidhani wataishia kushangaa. Kumbe wageni hawakusafiri mwendo wote ule ili washangae tu. Kufumba na kufumbua, Saulo na wenzake walikuwa wamekifikisha kikapu kwenye ufa. Wakageuka, wakafumba macho. Kukawa kimya. Kisha nyuma yao ikasikika sauti nzito: "Hoh! Hoh!"

"Linaongea!" Saulo alipiga kelele.

Waligeuka. Ukoo mzima wa nyani ulikuwa umekizunguka kikapu. Dume moja kubwa lilikuwa limeketi katikati kama mwenyekiti wa kikao, kiazi kila mkono, na mtoto wake amekivaa kifuniko cha kikapu kichwani. Watoto walipopiga mayowe, nyani walipotelea miambani na viazi vyao. Kilichobaki kilikuwa maganda.

"Jiwe lenu lina mkia," alisema Saulo.

Walimu walifika wakihema, na nyuma yao Bibi Esta na fimbo yake, kwani naye alialikwa chakula.

"Kamwene, wanangu!" Bibi aliwasalimu kwa Kihehe. "Mbona nyuso zimenuna?"

Mwalimu Bartholomeo aliuliza nani aliyetoa viazi. Saulo akaeleza kwa heshima kwamba walifuata maneno ya Bibi Esta, kama walivyosimuliwa.

"Mimi?" Bibi alishika kifua. "Niliyasema mimi hayo?"

Mwalimu aliinama akamnong'oneza mwenzake, "Labda ni uzee. Amechanganya mambo."

Bibi Esta alimsikia. Uso wake ukanywea. "Huenda niliyasema," alisema polepole. "Siku hizi nasahau. Juzi nimetafuta fimbo yangu nikiwa nimeishika. Mnisamehe, wanangu, nimewashindisha njaa."

Tupokigwe alisogea mbele. Kukosa viazi angeweza kuvumilia, lakini si kumwona bibi huyu akiomba radhi kwa kosa lisilo lake. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, sauti yake ilitoka ndogo.

"Hakusema, mwalimu. Bibi hakusahau kitu. Mimi nilimkimbia nikaenda kucheza rede. Yote nimeyatunga."

Mwalimu wa wageni ndiye aliyekumbuka kwamba kwenye lori kulikuwa na mikungu ya ndizi mbivu, zawadi kutoka Mbeya kwa ajili ya wenyeji. Ikaletwa, wote wakala. Bibi Esta alikaa juu ya jiwe akasimulia: kwamba jina la Iringa limetokana na lilinga, yaani boma, kwamba ngome ya Chifu Mkwawa wa Wahehe ilikuwa kule Kalenga, na Wajerumani walipoiangusha wakaja kujenga mji huku juu, na kwamba alipokuwa msichana mdogo miti ilifika hadi miguuni pa mwamba huu. "Tumeikata kwa ajili ya kuni na mkaa," alisema, "sasa nyani wanatafuta chakula kwetu." Kwa kuwa sauti yake ilikuwa imechakaa, Tupokigwe alisimama kando yake akilirudia kila neno kwa walioketi nyuma, na hakuongeza hata moja.

Bibi alipomaliza, Mwalimu Bartholomeo alisimama. "Kwanza namwomba radhi Bibi, kwa kuwa nimemhukumu bila kuuliza. Tupokigwe, swali la Saulo lilikuwa zuri. Ungejibu kwamba hujui, tungemngoja Bibi na kumwuliza, na viazi tungekula sisi. Kutojua si aibu, ndiyo maana tuna shule. Aibu ni kumtwika mwingine uongo wako. Umefanya vema kuutua mwenyewe. Wiki ijayo utachimba viazi vingine shambani."

"Ndiyo, mwalimu."

"Na wale nyani je?" aliuliza Saulo. "Wao hawapewi adhabu?"

"Wamekosa nini?" alisema Bibi Esta, akimenya ndizi yake. "Wamekaribishwa, wamekula, wameondoka. Hawakumdanganya mtu."