Asmini Zina Wenyewe

Maji ya kwanza yalitoka meupe, na hapo hapakuwa na ajabu, maana ndiyo kwanza Nyevu anaosha maski usoni. Ya pili yakatoka meupe. Ya tatu pia. Msichana akacheka juu ya beseni, akasema liwa ya leo ina kiburi. Kavata, mwenye saluni, hakucheka, kwa sababu alijua asmini za maski ile zilitoka wapi.

Saluni yao ilisifika Malindi nzima kwa maski za uso za kujitengenezea: liwa ya msandali iliyosuguliwa juu ya jiwe, manjano, mtindi, asali, na asmini mbichi zilizopondwa siku hiyohiyo. Kila mchanganyiko mpya ulijaribiwa kwanza usoni mwa Nyevu, binti wa Jilore mwenye kidoa cheusi juu ya mdomo, ambacho alikipenda kuliko hereni zake.

Wiki ile harusi zilikuwa nyingi na asmini zimeadimika sokoni. Kavata akakumbuka nyumba moja iliyohamwa, nyuma ya mji wa kale, yenye kisima kilichofukiwa na mti wa asmini uliokizonga. Akaenda na kikapu. Akamkuta mama mmoja aitwaye Kahaso akifagia uchochoro.

"Hizo zina wenyewe," Kahaso alimwambia.

Kavata ni mtu wa Kitui. Kwao mwenyewe ni mtu, ana hatimiliki na ana hasira. Akadhani ni matajiri fulani wanaoishi Mombasa, akaendelea kuchuma.

"Wakiuliza, niwaambie ni nani?" Kahaso akamuuliza.

Hapo ndipo ulimi ulipomponza Kavata. Aliona haya kushikwa akichuma vya watu, tena alijua mtu wa bara husemwa mwaka mzima, ilhali mtoto wa papa hapa husamehewa. "Waambie ni Nyevu," akasema. "Nyevu wa saluni." Uongo mdogo tu, wa kumwondoa mtu njiani.

Kesho yake kidoa cha Nyevu kilikuwa kimefifia. Haukupita muda hakikuwapo kabisa, na nyusi nazo zikaanza kupungua, na kila alipojinawa maji yalitoka meupe yakinuka asmini, ingawa hakuwa amepaka kitu. Kisha adhuhuri moja, saluni haina mteja na jua liko utosini, harufu ile ikajaa chumba kizima mpaka ikakaba koo, na mlangoni ikasikika sauti laini, ya upole kama ya shangazi aliyekuja na zawadi, ikisema hodi, hodi Nyevu, na Nyevu akainuka macho yakiwa wazi lakini hayaoni, akaenda, na Kavata akamrukia akamshika kiuno, akaufungua mlango kwa mkono mmoja, akaona uchochoro mtupu unaowaka jua, na kizingitini asmini zilizolowa umande, mchana ule.

Alikwenda mbio kwa Kahaso. Alisahau hata kupumua, ila shikamoo hakuisahau.

"Mama, wale wenyewe ni kina nani?"

Kahaso akaweka ufagio chini. "Wenyewe ni wenyewe, mwanangu," akanong'ona. "Hawatajwi. Kwani wewe ulidhani ni watu?"

Akaeleza kwamba siku ile alimwonea huruma, akamwaga marashi kisimani kumwombea radhi, akawatajia jina alilopewa. Alidhani ndilo jina lake Kavata.

Jamaa za Nyevu wakampeleka kwao Jilore akapungwe na mganga Kalume. Kavata alifuatana nao. Ubani ukafukizwa, ngoma zikapigwa, hata kinywa cha Nyevu kikasema kwa ile sauti ya upole: "Simtoki. Nimepewa."

"Umepewa na nani?" Kalume aliuliza.

Kavata akatazama miguu yake. Angeweza kusema, neno moja tu, lakini alimwona mamake Nyevu amekaa pale, akanyamaza. Alilipenda jina lake zuri kuliko uso wa yule binti, na alijua hivyo palepale alipokaa, na bado akanyamaza.

Wakati wa kuagana Nyevu akamshika mkono. Nyusi hazikuwapo tena, na midomo ilikuwa imeanza kulingana na mashavu. "Dada," akasema, "usifunge saluni kwa ajili yangu. Yule bibi harusi aliyeweka miadi ana ngozi kavu, mzidishie asali."

Kavata alilia njia nzima. Aliposhuka Malindi hakwenda kwake. Alikwenda moja kwa moja kisimani. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na yeye alikuwa amemtia mtoto wa watu.

"Si Nyevu," akasema mbele ya ule mti. "Nilidanganya. Aliyechuma ni mimi, Kavata."

Halafu chini, ndani kabisa ya kifusi ambako hapakuwa na tone la maji, akasikia mtu ananawa uso taratibu.

Nyevu alirudi kazini na nyusi zake na kidoa chake. Kwao walimsifu Kalume. Kavata akamkalisha Nyevu akamweleza yote bila kujitetea. Nyevu akavaa aproni yake, akaanza kusugua liwa, na hawakusemezana asubuhi yote.

Jua lilipofika utosini Kavata alikuwa ameinama juu ya beseni. Maji yalikuwa meupe. Harufu ikaingia, kisha sauti ile laini mlangoni.

"Hodi. Hodi, Kavata."

Msuguo wa liwa ukakoma. Nyevu akamsogelea na kumshika bega.

"Dada," akanong'ona, "niwaambie hupo?"

Kavata akajifuta uso. Kitambaa kilipita juu ya nyusi zake bila kukwama popote.

"Usinidanganyie," akasema. "Waambie nipo."