Na Mama Yako Ni Nani?

Mara ya kwanza kompyuta ilipomsahihisha, Hamdiya alidhani amekosea mwenyewe.

Upande wa pili wa dirisha alisimama mzee Fidahussein, mwenye duka la vyuma na mwenye jengo. Ofisi ile ya kuandikisha watu ilikuwa imepanga chumba chake cha nyuma. Hamdiya alimjua tangu utotoni, lakini kazi ni kazi.

"Jina?"

"Fidahussein. Kwani hulijui?"

"Na mama yako ni nani?"

Mzee akamkonyeza. "Andika Shirinbai."

Akaandika. Herufi za kijani zikajipanga kwenye kioo: Shirinbai. Akainamisha kichwa kuokota kitambaa kilichoanguka, na alipokiinua tena kioo kilisema Sakarbai. Akaandika upya juu yake. Ndani ya mashine kitu kikasaga, kr-kr-kr, na jina likageuka mbele ya macho yake, herufi moja baada ya nyingine, bila yeye kugusa kitu.

"Mzee Fida," alisema kwa sauti ya chini, "Sakarbai ni nani?"

Uso wa mzee ukalegea. Aliangalia foleni iliyokuwa nyuma yake, kisha akasogeza mdomo karibu na nondo za dirisha. "Nani kakwambia jina hilo? Mamangu kafa mie mdogo, kule Pangani. Hata wanangu hawalijui."

"Basi kwa nini umenidanganya?"

"Mwaka ule wa msako wa walanguzi niliwaambia polisi kila kitu sawasawa. Jina langu, ghala langu, misumari yangu. Wakanilaza rumande pamoja na misumari yangu. Tangu hapo mtu wa serikali simpi ukweli, mwanangu. Hata akiwa weye."

Hakuwa peke yake. Nusu ya watu wa mtaa wa Makorora walikuwa wanadanganya mbele ya dirisha lile, na walikuwa na haki. Pwani yetu mtu hasemi jina la mama yake ovyo. Jina lako ni la kila mtu, hata mwenye duka anakuita nalo. Lakini anayetaka kukufikia, kwa heri au kwa shari, huuliza jina la mama, na mganga hawezi kukushika bila hilo. Sasa serikali, ambayo miaka kumi nyuma ilikuwa inatafuta sabuni na sukari chini ya vitanda vya watu, imechoka kutafuta yenyewe, imeleta kampuni. Ndiyo mambo ya ruksa hayo: kila kitu kinauzwa, na sisi tumo. Kampuni ikasema wakazi wote waingizwe kwenye mashine, kata kwa kata, na asiyeandikishwa asitegemee simu wala maji wala leseni. Mbona mnataka jina la mama? Ni utaratibu. Neno hilo limewafunga watu midomo katika nchi hii kuliko bunduki.

Hamdiya hakumwambia mtu. Alikuwa na mtoto mmoja, Muhanad, wa miaka minne, na alikuwa analea peke yake. Taimur, mumewe, alikwenda Maskati kutafuta maisha, akayapata, akabaki nayo huko huko. Mshahara wa kampuni ulikuwa mzuri. Mtu wa namna hiyo akiona mashine inasema kweli kuliko watu, hujifunza kutoiangalia sana.

Haikupita wiki, mzee Fidahussein aliitwa.

Ilikuwa mchana, saa zile maduka ya Tanga yanapofungwa na mji mzima unajilaza. Mkwe wake, Narmin, alimkuta ghalani kati ya marundo ya waya, ameketi sakafuni, ameuelekea ukuta. "Haa, maa," alikuwa anasema, kwa Kigujarati. Ndiyo, mama. Ndiyo, mama. Walimvuta, walimwagia maji, walimsomea. Hakugeuza hata jicho. Magharibi sauti ilikuwa imekwisha, midomo ikaendelea. Kulipokucha alikuwa amekufa.

Msibani Narmin alimvuta Hamdiya nyuma ya pazia.

"Kulikuwa na mtu anamwita," alinong'ona. "Mie mwenyewe nimemsikia, wallahi. Sauti ya mwanamke, inatoka ukutani. Na harufu ya nywele zinazoungua."

"Ukuta upi?"

"Wa ofisi yenu."

Hamdiya alikaa chini palepale. Alikuwa amekumbuka siku mashine ilipofika. Msimamizi wake, Ruthi, aliyekuja nayo kutoka Dar, alimwambia ajaribu kuandika jina lolote, mkono uzoee. Akaandika la kwanza lililomjia kwenye ulimi. Muhanad. Na mama yake? Hamdiya. Akacheka kuona jina la mwanawe linang'aa.

Siku ya tatu ya msiba, jua likiwa limesimama utosini na uchochoro mzima wa Makorora umelala, alikuwa jikoni anakuna nazi aliposikia sauti yake mwenyewe uani.

"Muhanad! Njoo kwa mamako."

Alijigusa mdomo. Ulikuwa umefumba.

"Naam, mama!" mtoto aliitika huko nje, akicheka, na viguu vyake vikasikika vikikimbia, si kuja jikoni bali kuelekea mlango wa uani, na Hamdiya akaruka akaiacha mbuzi ya nazi imepinduka, akatoka bila viatu, kamba ya nguo ikamnasa shingoni akaing'oa, akamwona mwanawe anapinda pembe ya nyumba ya jirani, kule walikochimba shimo la choo kipya wakalifunika mabati, na bati moja lilikuwa limesogea, na kutoka ndani ya shimo sauti yake, ile ya kubembeleza aliyokuwa akiitumia mtoto akiwa na homa, ilikuwa inasema njoo, njoo baba, mama yuko hapa, na harufu ya nywele zinazoungua ilikuwa imejaa uchochoroni kiasi cha kumtoa machozi, na alipomdaka mkono, mguu mmoja wa mtoto ulikuwa umekwisha kukanyaga hewa.

Muhanad alimwangalia yeye, kisha akaangalia shimoni.

"Mama wawili?" aliuliza.

Hamdiya alikwenda ofisini mchana uleule, mtoto mgongoni kwa kanga kama kichanga. Ruthi alikuwa peke yake, anahesabu karatasi. Hakuwa mtu mbaya, Ruthi. Mpare wa Same, Mkristo safi, mwenye kuamkia hata mfagiaji.

"Dada Ruthi, nakuomba. Nifutie jina moja tu."

Ruthi alisikiliza yote, hakucheka. "Mimi naamini shetani yupo," alisema, "lakini sidhani anakaa kwenye mali ya kampuni."

"Basi futa. Kama hakuna kitu, utakuwa hujapoteza kitu."

"Siyo sitaki, Hamdiya. Hakuna pa kufutia. Mashine hii inaingiza tu. Kila jioni majina yanakwenda Dar kwa waya wa simu, na kutoka Dar yanakwenda Ulaya kwa wenyewe. Hata langu limo."

"Na mama yako ulimtaja?"

Ruthi aliziweka karatasi chini. Nyuma yake mashine ikasaga, kr-kr-kr, ingawa hakuna aliyeigusa.

"Siku hizi ananiita," alisema mwishowe, polepole sana. "Mchana mchana. Nimedhani ni uchovu. Mama yangu ni mzima, Hamdiya. Yuko Same, analima."

Kesho yake Hamdiya alikuwa Pangani. Aliambiwa amtafute Mwinyijuma, anayeuza barafu karibu na kivuko, ambaye uganga aliurithi kwa babake na hakuupenda. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye hasira za karibu na mikono iliyobabuka kwa baridi ya barafu. Alimpeleka chumbani, akamsikiliza mlango umefungwa, na alipofika kwenye jina la mama akainua kiganja.

"Usinitajie. Keti hivyohivyo."

"Utanisaidia?"

"Majini ya babangu yalikuwa na makao. Pango, kisima. Unakwenda, unayapa haki yao, mnaelewana. Hili lako liko Tanga, mara liko Dar, mara liko Ulaya. Mbuzi nikamchinjie wapi? Jini nalimudu. Hili lina ofisi!" Akapangusa mikono kwa kanzu. "Sisi waganga tukipiga ramli tunauliza jina la mama, kweli. Lakini tukimaliza tunafuta mchanga. Hao hawafuti. Wameweka majina ya watu wazi, na mlango ukiwa wazi kila kitu kinaingia."

Hamdiya alianza kulia. Muhanad alikuwa sakafuni, analamba kipande cha barafu.

"Liko jambo moja," Mwinyijuma alisema, na sasa alisema kwa upole. "Linamjua kwa mamake. Mpe mama mwengine."

"Nibadilishe jina?"

"Uongo linausahihisha, si umeona? Iwe kweli. Umtoe kabisa. Amwite mwanamke mwengine mama mpaka akusahau, na yeye amwite mwana, na weye uwe mtu wa kando. Na nnakwambia hili ulishike: litakuja kukuuliza. Litakuja kwa sauti ya mtoto, likwite mama. Siku utakayoitika, umelithibitishia. Hapo mie sina la kukusaidia."

Ng'ambo ya mto, Ushongo, alikuwako Mwatumu, dada yake wa kunyonya, ambaye Mungu hakumpa mtoto. Mwatumu aliupokea mzigo ule kwa aibu, maana furaha yake ilikuwa inaonekana na hakuweza kuificha. Hamdiya alimkabidhi mtoto, akamwambia, "Huyu ndiye mamako. Mie ni shangazi," maana hata "mama mdogo" ina mama ndani yake, akaondoka. Muhanad alimfuata kwa kelele. Mama! Mama! Hamdiya alitembea kwenye mchanga bila kugeuka, kanga ameijaza mdomoni, na mtu aliyepishana naye alimdhani mwendawazimu. Uchungu wa kumzaa ulikuwa mdogo kuliko ule.

Aliacha kazi ya kampuni, akawa anashona nguo za watoto nyumbani Makorora. Ruthi alihamishwa, wengine walisema alipelekwa Same hajitambui, anaitika tu. Ofisi ikahamia jengo zuri zaidi. Kila Idi Hamdiya alikwenda Ushongo na zawadi, na Muhanad alimbusu mkono, akamwambia shikamoo shangazi, akakimbilia kucheza. Mwaka wa kwanza alikuwa akimwangalia sana. Mwaka wa pili aliacha. Mchana wa jua kali hakuna aliyemwita tena mtoto yule, na Hamdiya alirudi Tanga akishukuru, halafu akajifungia ndani na kulia.

Mwaka wa nne, mchana mmoja, mlango uligongwa.

"Hodi."

Alikuwa anatia uzi kwenye sindano. Aliitambua sauti.

"Hodi, mama. Ni mie Muhanad."

Ushongo ni mbali, na mto uko katikati. Mtoto wa miaka minane hafiki Makorora peke yake, na hakuna mtoto aliyekuwa akimwita yeye mama. Hamdiya aliinuka bila kukisogeza kiti, akasimama nyuma ya mlango uliofungwa kwa komeo. Alinusa. Jirani alikuwa anakaanga samaki. Hakusikia harufu nyingine. Akajiambia kwamba limejifunza kuficha.

"Mama, nifungulie. Walikuja watu shuleni na karatasi zilizotoka kwenye mashine, wanahakiki majina. Nikasema mamangu ni Mwatumu. Yule bwana akasema hapana, mashine inasema Hamdiya, sema kweli mtoto. Wote wakanicheka. Nikamuuliza mama nyumbani, akalia sana. Akasema ndiyo. Akanipandisha lori la nazi nije kwako." Sauti ikapungua. "Si ndiye weye mamangu? Niambie tu."

Litakuja kukuuliza, Mwinyijuma alisema. Na hili hapa linauliza, kwa sauti ileile yenye kikwaruzo kidogo, na kila neno lilimwingia na kumvuta kuelekea komeo, na mkono wake ukapanda wenyewe ukaligusa, akaushika kwa mkono wa pili akaushusha, akawaza mto, akawaza shimo na mguu ule uliokanyaga hewa, akawaza mwanawe aliye salama huko Ushongo saa hii anakula wali kwa Mwatumu, asiyejua kitu, na kwamba neno moja lake litamuua.

"Mimi si mama yako," alisema. "Sina mtoto. Nenda ulikotoka."

Nje kitu kikawekwa chini, kizingitini, taratibu. Kilio kikaanza, kile cha kujizuia cha mtoto wa kiume aliyeambiwa amekua, na nyayo zikajivuta kwenda zake.

Hamdiya alikalia sakafu. Alimshukuru Mungu. Ameshinda. Amemwokoa mwanawe.

Ndipo kule mwisho wa uchochoro sauti yake yeye, Hamdiya, ikasema kwa mapenzi yote aliyoyaficha miaka minne:

"Naam, mwanangu! Mie hapa. Njoo kwa mamako."

Jini halijiiti lenyewe. Kama lilikuwa linaita kule, basi aliyekuwa mlangoni hakuwa jini.

Komeo lilimshinda mara mbili. Mlango ulipofunguka, uchochoro ulikuwa mweupe kwa jua na hapakuwa na mtu. Kizingitini kulikuwa na kifurushi cha nguo za mtoto na mkate wa kumimina aliopika Mwatumu.

"Muhanad!" alipiga kelele akikimbia. "Mie ndiye mamako! Mie!"

Kutoka mbali, nyuma ya nyumba, mtoto aliitika kwa furaha, "Naam, mama! Nakuja!" Lakini si yeye aliyekuwa anamwitikia.