Kilio Ndani ya Turbo

Shoga yangu si mtu wa kutunga mambo, hana hata huo muda. Lori lake la mikate, la dizeli yenye turbo, ile feni ya chuma inayosukuma hewa kwenye injini, lilianza kulia kila akikanyaga mafuta, akalipeleka gereji.

“Dada, linalia kama mtoto. Umelinyima maziwa?” fundi alimtania.

Aliweka ncha ya bisibisi kwenye turbo na mpini sikioni, akasikiliza. Kisha akachomoa bomba la mpira linaloingiza hewa kwenye turbo, injini ikinguruma, akaingiza mkono gizani mle.

Kilio kikakoma. Damu ikamrukia shoga yangu usoni.

“Zima! Vidole vyangu!”

Vilikatika vitatu. Fundi akakimbizwa hospitali, na daktari alivitaka haraka avishone. Fundi mwenzake akafungua turbo, shoga yangu akashika bakuli. Walitoa vinne. Cha nne kilikuwa cha mtoto, na bado kilikuwa na joto.