Jina Alilopewa Mtoto wa Scovia

Mtoto wa Scovia alilia siku tatu tangu kuzaliwa, na siku ya nne wakamtafutia jina. Katika hilo hakukuwa na ajabu. Kwa Wajaluo, mtoto mchanga akikataa kunyamaza, huenda yuko marehemu wa ukoo anayetaka kukumbukwa; basi huitiwa majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine, na pale atakaponyamaza ndipo jina lake lilipo. Roseline, mama yake Scovia, aliyetoka Homa Bay kuja Migori kumtunza mzazi, alimpakata mjukuu wake akaanza kuita. Akaita mashangazi, akaita mama mkwe, akaita hata mke mwenza mmoja ambaye alipokufa watu walimshukuru Mungu kimyakimya. Mtoto akazidi kupaza sauti. Alipotaja Nyarangi, jina la bibi yake mwenyewe, mtoto akanyamaza papo hapo, na wanawake wakapiga vigelegele.

Dani, yaani bibi kwa Kijaluo, ndivyo walivyomwita mama yake Roseline, kikongwe wa miaka themanini na minane, alikuwa akiota jua nyuma ya nyumba.

"Mmemwita nani?" aliuliza.

Akaambiwa. Tangu saa hiyo hakumgusa mtoto.

Asubuhi iliyofuata Scovia alikuwa akikoroga uji aliposikia mtoto akilia chini ya kitanda. Akakimbilia chumbani akidhani ameanguka. Mtoto alikuwa palepale juu ya kitanda, kinywa wazi, uso umekunjamana, machozi yanamtiririka, na hakutoa sauti hata chembe. Kilio kilikuwa chini, sakafuni. Scovia aliinama, akakuta viatu vya mumewe na harufu ya tope la mtoni, tope lenye mafunjo yaliyooza.

Kesho yake kilio kilitoka jikoni, ndani ya pipa la maji. Kesho kutwa kilitoka nyuma ya ua, na jirani yao Bhoke akaja kuuliza kwa nini kichanga kinaachwa nje juani. Kila kiliposikika kilikuwa kimesogea upande uleule, kikiteremka kuelekea mto Migori. Mtoto naye aliacha kunyonya. Scovia alimkamulia maziwa kinywani, yakamwagikia shingoni. Mumewe, Fanuel, alikuwa kisiwani Remba akivua, na haikujulikana atarudi lini, maana mwaka huo wa tisini na nne watu walikuwa wakiogopa samaki. Vita vya Rwanda vilitupa maiti katika mito ya huko, nayo ikazileta ziwani.

Daktari alisema koo halina kasoro. Mchungaji aliomba mpaka shati likamganda mgongoni. Siku ya tano tangu kilio kihame, Scovia, mwanakwaya anayejulikana mji mzima, alijifunika leso hadi machoni akampeleka mtoto kwa Maalim Abdullah, muuza vitambaa ambaye nyuma ya duka aliwasomea watu dua. Alikwenda kwa aibu, lakini mfa maji haachi kutapatapa.

Maalim alitega sikio kwenye kifua cha mtoto kwa muda mrefu.

"Mama, kwenu kuna mtoto aliyewahi kunyamazishwa?"

"Kunyamazishwa vipi, Maalim?"

"Kuna jini wa kwenye mafunjo. Huyo hali nyama, hula sauti. Hachukui mpaka apewe, lakini akishapewa mara moja huona ni haki yake. Na vita vikipita karibu huamka, kwa sababu wakati wa vita ndipo alipolishwa."

"Na sauti ya mtoto wangu?"

"Anaivuta kwake. Ikifika mtoni, mtoto ataifuata." Maalim alimfunika mtoto vizuri akamrudisha. "Mwenye siri aiseme kwa mdomo wake, amvue mtoto hilo jina. Mficha maradhi, kilio kitamfichua. Nenda, usingoje jua lipinduke."

Alipofika nyumbani jua lilikuwa utosini, na kilio kilikuwa kimevuka barabara, kinasikika kule bondeni ambako wanawake hufulia. Dani alikuwa ameketi akiutazama ukuta. Roseline alisimama mlangoni.

"Dani, mtoto anakufa," Scovia alisema. Alipiga magoti. "Kama kuna jambo, nakuomba. Nimebaki na wewe tu."

Kikongwe aligeuza uso kutoka ukutani.

"Mtoto hunyamaza akisikia jina analolitaka," alisema mwishowe, taratibu, ungedhani ukuta una masikio. "Huyu wenu alinyamaza kwa woga."

Kisha akaeleza, na alipoanza hakuweza kukoma: kwamba mwaka ule Mjerumani alipovuka mpaka walijificha watu tisa ndani ya mafunjo ya mto huuhuu, maji kiunoni, na askari wakapita juu ukingoni karibu kiasi cha kusikia wakikohoa, na mdogo wake, msichana wa wiki mbili asiyekuwa hata na jina, akaanza kulia mikononi mwake yeye Dani, aliyekuwa na miaka minane, kwa sababu mama yao Nyarangi alikuwa amemshikilia mama mkwe mgonjwa asizame, na Nyarangi akayainamia maji akanong'ona, wewe uliye humu, yeyote uliye, chukua sauti hii utuache sisi, na maji yakatulia, hata vyura wakatulia, ndipo akamgeukia bintiye akamwambia, ziba.

"Nikaziba," Dani alisema. "Askari wakapita. Mama akasema ni homa, nami nikasema ni homa, miaka themanini. Nanyi mmemwita mtoto kwa jina la yule aliyemtoa mdogo wangu. Yule wa mtoni amesikia, amekuja kupokea."

Roseline alishika mwimo wa mlango. "Kumbe hamkuniambia," alisema kwa sauti iliyokauka. "Nilidhani ni mimi peke yangu."

Scovia akamgeukia. Mwaka wa sabini na tisa alikuwa na miaka saba, wamekimbia vita Jinja, wamejazana nyuma ya lori chini ya turubai, na walipofika Homa Bay akaambiwa kwamba mdogo wake amekufa kwa surua.

"Palikuwa na kizuizi cha askari," Roseline alisema. "Alikuwa analia."

Kule bondeni kilio kilizama, kikaanza kutoka chini ya maji, kizito, chenye mapovu, na mikononi mwa Scovia mtoto akakakamaa, midomo ikageuka rangi, harufu ya tope ikajaa nyumba nzima hata pumzi ikawa shida, na Dani, ambaye siku zote hizo hakutaka kumgusa, akamnyakua akamweka kifuani, akamwambia sikioni kwamba yeye si Nyarangi, jina hilo amevuliwa, hakuna aliyemtoa kwa yeyote, aliyeziba alikuwa Dani, na anaomba msamaha, anaomba msamaha, anaomba msamaha.

Mtoto akavuta pumzi, akalia kwa kinywa chake mwenyewe.

Scovia alimpokea akicheka na kulia. Alimpa ziwa, mtoto akalikataa, akaendelea. Alilia hadi kuku wakatawanyika uani. "Lia, mama, lia," Scovia alimwambia, naye alimaanisha kwa moyo wote. Lakini harufu ile haikuondoka. Sasa ilitoka karibu zaidi, na alipoitafuta aliikuta kwenye kiganja chake cha kulia. Kiganja kilikuwa kimelowa. Kilikuwa kimeshafika kidevuni mwa mtoto, wala si yeye aliyekipeleka. Alikivuta nyuma kwa nguvu zake zote, kikarudi shubiri moja, kisha kikaanza kupanda tena kuelekea kinywani.

"Mama," alisema polepole. "Chukua leso. Nifunge huu mkono."

Roseline aliichukua leso. Akasimama nayo palepale mlangoni, mikono yake yote miwili ikitiririsha maji sakafuni, asithubutu kupiga hata hatua moja kumwelekea mtoto.

"Na yangu nani ataifunga, nyathina, mwanangu?" alisema.