Bakuli la Ardith

Marlys wa kanisani kwetu, hapa Ohio, alinisimulia haya bila kucheka. Asubuhi baada ya kumzika Ardith, mama mwenzake wa kanisa, alishuka jikoni chini ya kanisa kukusanya mabakuli ya chakula cha mazishi. Kila mama anayeleta chakula hubandika karatasi yenye jina lake kwenye kitako cha bakuli lake, lisipotee.

Taa ziligoma kuwaka. Gizani akasikia kijiko kikikwangua bakuli, polepole.

"Darlene, acha udokozi. Najua ni wewe," Marlys akasema, akidhani ni mwenzake aliyekuja naye.

"Mimi niko huku juu," Darlene akajibu kutoka ngazini. "Na ufunguo wa jikoni si unao wewe peke yako?"

Mkwaruzo ukakoma. Marlys akapapasa mezani, akashika bakuli tupu, lenye joto. Alikimbia nalo hadi mwangani, akaligeuza. Kitakoni lilikuwa limeandikwa "Ardith", na wino mbichi ukampaka kidoleni.