Neno Alilolitaka Bibi Odessa

Kila asubuhi Leatrice alimwandalia bibi yake mkate wa kukaanga. Waliishi wawili tu, nje kidogo ya mji wa Carnegie, Oklahoma. Tangu Bibi Odessa apatwe na kiharusi, Kiingereza kilimpotea. Kilichobaki ni Kikiowa, lugha ya kabila lao la wenyeji wa asili wa Marekani, aliyozaliwa nayo. Leatrice alikijua kwa salamu tu.

Siku hiyo bibi alitamka neno, akaonyesha kapu la matufaha. Leatrice akampa moja. Bibi akalisukuma. Leatrice akaongeza, yakawa matatu. Bibi akageukia ukutani, akilengwalengwa na machozi.

"Jamani Bibi, unataka nini?"

Leatrice akamkimbilia jirani yao Arvella, mwalimu wa Kikiowa. Arvella alikuja, akamsikiliza bibi, akacheka.

"Anataka mawili."

"Kasema mawili?"

"Hana haja. Kwetu tufaha likitajwa hivihivi ni mawili. Ukitaka moja, au matatu na zaidi, unaliongezea neno mkia mwishoni."

Leatrice akashika kiuno. "Hee! Na mtu je?"

"Mtu hivihivi ni mmoja au wawili. Wakizidi, ndipo mkia unakuja."

"Nani kapanga hivyo?"

"Muulize bibi yako. Kwa Kikiowa."

"Nitakosea, dada. Utotoni binamu zangu walinicheka mpaka nikanyamaza."

"Basi kosea! Chagua kazi moja kila siku, kama kupika. Humo usitie Kiingereza. Onyesha, sikiliza, rudia. Akikubali, mrekodi kwenye simu, usikilize ukienda kazini."

Leatrice alianza na vyombo vya jikoni. Akaulizia vyakula, kisha viungo vya mwili. Kila jibu lilizaa swali jingine. Akikosea, bibi alimpiga kikofi mkononi, akalisema neno upya.

Mwezi wa tatu tangu aanze, alipokuwa akimwosha bibi miguu, bibi alisema jambo. Leatrice alinasa maneno mawili: mguu, na kuuma. Akaugeuza mguu. Chini ya kidole palikuwa na kidonda.

"Umewahi," muuguzi alimwambia kule zahanati. "Kwa kisukari alichonacho, wiki mbili zaidi angekatwa kidole. Umejuaje?"

"Ameniambia mwenyewe."

Njiani kurudi, bibi alionyesha vilima, akaanza kisa kirefu. Leatrice alielewa nusu. Alipopotea, akauliza kwa Kikiowa, "Nani?"

Bibi akamgeukia, akamtazama sana. Kisha akakianza kisa upya, polepole.